Unampenda Kezilahabi, wenzako wanamrudisha: nani apewe kitabu kipi kwanza?

Swali. Nimekuwa msomaji wa Euphrase Kezilahabi tangu sekondari na ninatamani wengine nao wamjue, ila sifaulu. Mdogo wangu nilimpa Nagona, akairudisha baada ya kurasa kumi akisema haelewi nani anaongea. Mpwa wangu wa kike, miaka 15, nilimpa Rosa Mistika. Mama yake akaifungua katikati na mpaka leo hanisemeshi vizuri. Sasa wenzangu kazini, watu sita, wanataka tuwe tunasoma pamoja. Wengi wao hawajashika riwaya ya Kiswahili tangu kidato cha nne, na mmoja ni Mpemba anayesema Kezilahabi hajui shairi ni nini. Binamu yangu aliyekulia Kanada naye ameomba kitabu. Nani nimpe kipi? Na je, ni vibaya nikiwatumia PDF? – Msomaji, Morogoro

Jibu. Hao wawili wa mwanzo wameshindikana kwa sababu mbili tofauti kabisa, kwa hiyo tuwatenganishe.

Mdogo wako alipewa mwisho wa safari akaambiwa aanzie hapo. Nagona ilitoka 1990 na Mzingile 1991, zaidi ya miaka kumi baada ya Gamba la Nyoka. Katikati hapo mwandishi alikuwa amesoma Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa kazi iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya hakutaka tena kusimulia habari za fulani wa kijiji fulani. Hakuna mhusika mkuu mwenye jina na ukoo, hakuna mahali utakapopaonyesha kwenye ramani, wakati hauendi mbele, na kina Plato, Darwin na Freud wanajitokeza kama watu wa mtaani. Anayeweza kufurahia hayo ni yule aliyekwisha kusoma riwaya zake nne za mwanzo, maana anajua mwandishi anakimbia nini. Asiyezijua anaona maneno tu.

Kinachowaponza watoaji ni wembamba wa vitabu hivyo. Vyote viwili havifiki kurasa mia, na mtu hujiambia: hiki kidogo, atakimaliza jioni moja. Kwa Kezilahabi hesabu hiyo huenda kinyume: vinene ndivyo vyepesi. Mwambie mdogo wako akuwekee Nagona kabatini, itamfaa baadaye.

Mpwa wako alipewa kitabu kizuri kwa njia mbaya. Nitamrudia.

Mpe ugomvi alio nao tayari

Kila riwaya ya Kezilahabi ina ugomvi mmoja mkubwa ndani yake, na msomaji mgeni huingia kwa urahisi kupitia ugomvi ambao yeye mwenyewe anaujua nyumbani kwake. Ukitazama hivyo, kuchagua kunakuwa rahisi kuliko kuuliza kipi ni bora. Swali la ubora ni la wewe unayemjua. Mgeni anahitaji kitabu atakachokifikisha mwisho.

Rosa Mistika (1971) ni ugomvi wa binti na baba. Zakaria ni mlevi, mkali, anayeamini kwamba binti hulindwa kwa fimbo. Anamtandika Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na yote yanayomkuta msichana huyo baadaye, katika shule ya bweni Mwanza na chuo cha ualimu Morogoro, yanatoka kwenye hofu aliyopandikizwa siku zile. Ni fupi, sentensi zake fupi, na inakwenda mbio. Mtu mzima ambaye hajasoma riwaya kwa miaka mingi ataimaliza kwa siku nne au tano akisoma nusu saa kabla ya kulala. Ndiyo ya kuanzia kwa watu wengi, hasa wazazi wenye mabinti. Nawe upo Morogoro, basi wenyeji wako watakuwa na la kuongeza.

Kichwamaji (1974) ni ugomvi wa msomi na kwao. Kazimoto anasimulia mwenyewe, kwa "mimi", akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe na kukuta hawezi tena kuwa mtu wa pale, wala wa kule alikotoka. Mhitimu anayekaa nyumbani na vyeti vyake, anayeulizwa kila jioni kazi lini na kuoa lini, atajiona humo. Huyo ndiye mdogo wako, kama umri wake ni kati ya miaka 20 na 30. Mpe hii mahali pa Nagona. Ni nene karibu mara mbili ya Rosa Mistika lakini sauti ya Kazimoto inavuta, ana dhihaka, ana maneno ya ukali ambayo msomaji kijana huyapigia mstari. Giza lake ni zito, nalo nitalitaja tukifika kwa mpwa wako.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ni ugomvi wa mtu na serikali juu ya mali yake. Tumaini anatapanya, anazunguka, kisha anajenga shamba kubwa, na hapo ndipo siasa ya Ujamaa inamfikia. Wafanyabiashara na watu wa mashamba huishika hii haraka. Ina matukio mengi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayesema "mimi riwaya zinanichosha", kwa sababu kila baada ya kurasa chache kuna jambo linatokea. Udhaifu wake ni mwanzo: watu wanaingia wengi kwa pamoja. Mwandikie msomaji wako majina matano ya mwanzo kwenye kipande cha karatasi, na nani ni nani, ukichomeke kwenye jalada la mbele. Kazi ya dakika tano tu, lakini inazuia ile hali ya mtu kurudi nyuma mara tatu kisha kuacha.

Gamba la Nyoka (1979) ni ugomvi wa kijiji kizima na amri ya kuhama. Vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wamo katikati ya wananchi wasiotaka kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Usimwanzishie mtu hapa isipokuwa wazazi wake walihamishwa wakati ule, au yeye mwenyewe anakumbuka. Kwa huyo itakuwa ya kwanza na pengine ya pekee atakayoipenda.

Baada ya hizo ndipo Nagona, kisha Mzingile, zikiwa zimeongozana. Kati ya Gamba la Nyoka na Nagona ningeweka tamthilia ya Kaptula la Marx, ambayo ina mzaha wa kisiasa na inasomeka kwa saa chache: rais Kapera avaa kaptula ya Marx isiyomkaa. Msomaji anapumua, tena anazoea taratibu kwamba mwandishi huyu akitaka huacha uhalisia.

Mpwa wako na mama yake

Rosa Mistika ina mapenzi ya wanafunzi, mimba, utoaji mimba na kujiua. Ilipotoka ilikatazwa mashuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Aliyeifungua katikati bila kusoma mwanzo huona mambo hayo tu. Aliyeanza na Zakaria na fimbo yake anaelewa kitabu kinamlaumu nani. Shemeji au dada yako aliifungua katikati. Hilo ndilo lililotokea, wala si ukali wake.

Mwenye kuamua juu ya mtoto wa miaka 15 ni mzazi. Kwa hiyo kitabu kipitie kwake. Nenda, mwombe radhi kwa kumruka, halafu mwachie nakala asome yeye kwanza, kuanzia ukurasa wa kwanza, bila kumwambia binti. Mwambie waziwazi yaliyomo, mambo manne hayo niliyoyataja, usimfiche. Akimaliza ataamua binti asome sasa, au asubiri miaka miwili, au wasome pamoja. Wazazi wengi wakishaisoma huchagua hilo la tatu, na hapo unakuwa umepata wasomaji wawili. Akikataa, kubali, usimpenyezee mtoto nakala kwa siri.

Wakati anasubiri, binti anaweza kupewa hadithi fupi, "Mayai Waziri wa Maradhi", inayopatikana katika mkusanyo wenye jina hilohilo pamoja na hadithi za waandishi wengine. Ni ya kutisha kidogo na ya kuchekesha kidogo, inamhusu waziri anayesumbuliwa na wafu, na kijana huisoma kwa mkao mmoja. Au mashairi mawili matatu kutoka Kichomi. "Upepo wa Wakati" ni fupi na haina kizuizi.

Jambo moja zaidi kwa watu wa rika lote. Kifo cha kujiua kimo katika Rosa Mistika na pia Kichwamaji, na Kichwamaji ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa tuko ndani ya kichwa cha anayesimulia. Kama nyumba ya msomaji wako imepata msiba wa namna hiyo karibuni, au yeye mwenyewe yuko katika kipindi kibaya, mpe Dunia Uwanja wa Fujo au Kaptula la Marx kwanza. Vitabu vingine vitasubiri.

Kundi la kazini

Tatizo la wenzako ni kumbukumbu ya darasani. Waliokaa kwenye kipindi cha fasihi miaka minne wamezoea kusoma riwaya wakitafuta dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi na nafasi ya mwanamke, ili wajaze jibu la mtihani. Ukiwaweka mezani bila tahadhari, dakika ya kumi mtu atauliza fani na maudhui, na dakika ya ishirini mwingine atakuwa amefungua mwongozo kwenye simu. Mazungumzo yatakufa hapo.

Zuia hilo kwa namna unavyouliza. Usiulize "mwandishi amefaulu vipi kuonyesha malezi mabaya?" Uliza: ni ukurasa gani ulitaka kumshika Rosa mkono umzuie? Ungekuwa Regina, mama yake, ungefanyaje siku ile ya fimbo? Nani humu kwenye kitabu anafanana na mtu unayemjua, bila kumtaja jina? Maswali ya namna hiyo hayana jibu la mwongozo, hivyo hata aliyepata alama mbaya ya Kiswahili anakuwa na la kusema. Matatu yanatosha kwa mkutano wa saa moja na nusu. Ukija na kumi, utaishia kusimamia mtihani.

Neno "udhanaishi", yaani falsafa inayohoji maana ya mtu kuwapo duniani, lihifadhi. Ni kweli wahakiki wamelitumia sana juu ya Kichwamaji, na wewe huenda unalipenda. Likitamkwa kwenye mkutano wa kwanza, nusu ya watu wanajiona wajinga na mkutano wa pili hawaji. Litakuja lenyewe pale mtu atakapouliza kwa nini Kazimoto hafurahii kitu chochote.

Mkutano wa kwanza usiwe wa kujadili kitabu ambacho watu wameambiwa wakasome, kwa sababu wawili kati ya sita hawatakuwa wamesoma na wataona haya. Uwe wa kusoma kwa sauti. Kaptula la Marx inafaa sana hapa: gawa sehemu za kuongea, asiyetaka kuigiza asome maelezo ya jukwaani, someni dakika arobaini kisha mnyamaze. Kama hukuipata, soma mwanzo wa Rosa Mistika. Ukurasa mmoja wa riwaya husomwa kwa sauti ya kawaida kwa dakika mbili na nusu hivi. Kurasa nne ni dakika kumi, na mtu mzima aliyetoka kazini huanza kuchoka kusikiliza baada ya hapo, kwa hiyo mpokezane.

Usomaji wa sauti unataka maandalizi, na ndipo watu wengi wanaharibu. Siku moja kabla, soma kurasa zako nne peke yako kwa sauti, penseli mkononi. Weka alama ndogo pembeni kila mhusika anapoanza kuongea, kwa sababu ukivuka mstari huo bila kupumua, msikilizaji hajui sauti imebadilika. Majina ya watu na mahali yatamke mara tatu hadi yasikukwame. Kisha tafuta pa kukatia: si mwisho wa sura, bali mistari michache kabla ya jambo kutokea. Kwa Rosa Mistika katia pale Zakaria ana barua mkononi na fimbo bado haijashuka. Funga kitabu, toa nakala, sema "mkutano ujao ni wiki tatu zijazo". Usiongeze neno. Ukieleza kwamba hapo ndipo chimbuko la msiba wote, umewanyang'anya kitabu.

Historia waipe kwa dakika tano, isizidi, na kwa kitabu kinachoihitaji tu. Rosa Mistika haihitaji. Inatosha kuwaambia wasio Wakatoliki kwamba jina la kitabu ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania, na kwamba Namagondo, kijiji cha Rosa, ndiko mwandishi mwenyewe alikozaliwa mwaka 1944, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zinahitaji mambo matatu: kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, kwamba TANU ilikuwa chama pekee Bara hadi 1977, na kwamba kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa operesheni, wengine kwa nguvu. Vijana wengi hawajui hili la tatu, na bila hilo hasira ya vitabu hivyo inaonekana imetoka hewani.

Mpemba wako usibishane naye. Anachosema kina historia ndefu: Kichomi (1974) iliingia katika mabishano makali ya miaka ile kati ya waliotaka vina na mizani na waliotaka ushairi huru, na wapo waliosema wazi kwamba hayo si mashairi. Mpe Kichomi chenyewe, aanze na utangulizi ambamo mwandishi anaeleza kwa nini ameamua kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Kisha mwombe aje mkutanoni na shairi moja analoliona baya kuliko yote na alisome kwa sauti. Huyo atasoma kitabu kizima kutafuta ubaya, naye atakuwa msomaji wako makini kuliko wote. Akibaki na msimamo wake, ana haki. Riwaya ni habari nyingine, na wengi wasiokubali mashairi yake wanakubali riwaya.

Nakala

Kununua nakala saba kwa mpigo hakulazimiki, tena mara nyingi haziko pamoja dukani. Kwa watu saba, ukijihesabu, nakala nne zinatosha: wewe na yako, na tatu kwa jozi tatu. Kila mmoja katika jozi anakaa nacho siku kumi, siku moja ya kukabidhiana, kisha mkutano. Hizo ndizo wiki tatu. Hii inawezekana kwa Rosa Mistika. Kwa Kichwamaji ipe jozi wiki sita na mkutane mara mbili, katikati na mwisho, mkikubaliana msimulizi amefika wapi ili aliyetangulia asimharibie mwenzake.

Weka daftari moja: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Watu wazima huona aibu mwanzoni, lakini daftari ndilo linalokuwezesha kudai bila kununiana. Nakala yako ya zamani yenye maelezo yako pembeni usimwazime mtu. Si kwa uchoyo: maelezo yako yanamwambia mgeni afikiri nini kabla hajafikiri.

Unaponunua, kumbuka riwaya hizi zimechapwa na wachapishaji mbalimbali kwa miaka tofauti. Rosa Mistika ilianzia East African Literature Bureau, Nagona na Mzingile zilitoka Dar es Salaam University Press, na baadhi ya riwaya zimechapwa upya Nairobi na Vide~Muwa. Kwa hiyo ukurasa wa 45 kwenye nakala yako si ukurasa wa 45 kwa mwenzako. Kundi linalotajiana kurasa hupoteza robo saa kila mkutano. Tajaneni sura na tukio: "pale barua ilipopatikana".

Dar es Salaam jaribu duka la TPH (Tanzania Publishing House) Mtaa wa Samora, kisha wauza vitabu vya mitumba. Kwa wa mitumba, kagua kabla ya kutoa hela. Pitisha kidole gumba kwenye kona ya chini ya kurasa zote na uangalie namba zinafuatana. Vitabu vilivyobandikwa kwa gundi tu hutoa kurasa za katikati kwanza, na muuzaji mara nyingi hajui. Soma aya ya mwisho uone inaishia kwenye nukta. Tazama ukurasa wa nyuma ya jina: kama hakuna mchapishaji, hakuna mwaka, na herufi zimefifia upande mmoja wa ukurasa, hiyo ni nakala ya kudurufu, utakuta mistari imekatwa pembeni.

Nakala mpya itayarishe kabla haijaanza kuzunguka. Simamisha kitabu kwa mgongo juu ya meza, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha laza kurasa kumi za mbele ukizipapasa kwa kidole kwenye mshono, kumi za nyuma, hivyo hivyo mpaka ukutane katikati. Gundi inalegea sawasawa, na hata mtu akikifungua kwa nguvu hakitapasuka mahali pamoja. Kivalishe jalada la nailoni kama madaftari ya shule. Ukurasa ukichomoka, paka gundi nyeupe ya mbao mstari mwembamba sana kwenye ukingo wa ndani, urudishe, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili, kandamiza kwa vitabu vizito usiku mzima. Selotepu usiitumie, baada ya muda inageuka njano, inaacha utando wa gundi, na kurasa za jirani zinashikana.

Sasa PDF. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, maana yake riwaya hizi zina wenyewe hadi 2070. Kupiga picha kitabu kizima na kukisambaza kwenye kundi la WhatsApp ni kuvunja sheria, hata kama huuzi. Kunukuu aya mkaijadili si tatizo. Kuna sababu nyingine isiyo ya kisheria: PDF zinazozunguka nyingi zimepigwa picha vibaya, zina kurasa zilizorukwa, na kwenye simu ya inchi sita mtu anakuza, anasogeza, ujumbe unaingia, anaondoka. Wanaopewa faili hupokea, husema asante, na hawasomi. Mtu aliyeshika karatasi ya kurudisha baada ya siku kumi husoma.

Kama nakala ni chache kabisa, rekodi ya sauti ya dakika tano unayomtumia mtu mmoja, ukisoma kipande kidogo cha kumwonjesha, inafanya kazi kuliko faili zima. Iwe fupi, mwishoni useme kitabu kinapatikana kwa nani.

Binamu wa Kanada

Muulize kwanza anasoma Kiswahili kwa kiwango gani. Njia ya kupima: mtumie aya moja ya Rosa Mistika, akusomee kwa sauti kwenye simu, kisha akueleze kwa lugha yoyote kilichotokea. Kama anaeleza vizuri ingawa anajikwaa kutamka, mpe kitabu cha Kiswahili moja kwa moja. Sentensi za Kezilahabi katika riwaya za mwanzo ni fupi na hazina Kiarabu kingi, kwa hiyo zinamfaa mtu wa namna yake.

Kama hakuelewa, ipo tafsiri ya Kiingereza ya Rosa Mistika, ya Jay Boss Rubin, iliyotolewa na Yale University Press mwaka 2025. Kwa mashairi upo mkusanyo wa Stray Truths wa mwaka 2015, uliotafsiriwa na Annmarie Drury. Vyote anaweza kuviagiza huko aliko. Asome sura kwa Kiingereza wakati wake, halafu mara moja kwa wiki mpigiane simu dakika ishirini, wewe ukiwa na kitabu cha Kiswahili: msomee kurasa mbili za sura ileile aliyoimaliza, yeye asikilize tu. Hadithi anaijua tayari, kwa hiyo hahangaiki kufuata, na masikio yanabaki huru kushika lugha. Kuanzia sura ya nne au ya tano mgeuze: yeye asome Kiswahili kwanza, Kiingereza kiwe cha kuhakikisha. Maneno asiyoyajua asiandike yote, atachoka. Matano kwa sura, na ayachague mwenyewe. Akikuuliza neno la Kikerewe nawe hulijui, mwambie hulijui, muulizeni mtu wa Ukerewe. Mwanza na Dar hawakosekani.

Usimtumie Nagona hata akiiona kwenye orodha akaiomba. Mwambie ipo, ni ya sita.